Torenti: ukishusha unagawa, na ukiuza sheria inakuhesabu mfanyabiashara



Swali la wiki hii limetoka kwa dada mmoja anayeuza vitabu vya PDF na muvi kupitia WhatsApp na Telegram. Anashusha mafaili kwa torenti, anayapanga vizuri, anauza. Mteja mmoja akamwambia, "Dada, hiyo biashara ni ya kufungwa." Akaniuliza: ni kweli, au natishwa tu?

Nilimjibu inbox kwa kifupi, lakini nikaona wengi tuko kwenye mstari uleule. Yupo anayeingiza muvi kwenye flash za watu. Yupo anayeweka Windows kwenye laptop kwa elfu kumi, anayetengeneza matangazo ya wateja kwa Photoshop ya kraki, na yule wa "vitabu 500 kwa buku tano tu". Kwa hiyo leo naandika kwa urefu. Weka chai pembeni.

Tuanze na torenti yenyewe, maana hapa watu wanachanganya. Torenti si haramu. Ni njia ya kugawana mafaili mtu kwa mtu, bila kupitia kompyuta moja kubwa ya katikati. Bram Cohen aliitoa BitTorrent mwaka 2001, na mpaka leo ukitaka Ubuntu au LibreOffice, wenyewe wanakupa faili la torenti ushushe bure, halali kabisa. Kinacholeta kesi ni kilichomo ndani: je, mwenye kazi ameruhusu igawiwe hivyo?

Sasa sikia inavyofanya kazi, kwa sababu kosa limejificha humu. Ukishusha kitu kwenye tovuti ya kawaida, wewe unapokea tu. Torenti ni kama mchezo wa upatu: huwezi kukaa kwenye kundi ukawa unapokea tu, na wewe unatoa. Muvi inakatwa vipande vidogo vidogo, mamia au maelfu. Programu yako inachukua kipande hiki kwa mtu wa Brazil, kile kwa mtu wa Poland. Ukishapata kipande cha kwanza tu, inaanza kuwagawia wengine ambao hawana. Hujafika hata robo ya muvi, tayari unagawa. Ikimaliza kushuka na ukaacha programu wazi, inaendelea kugawa faili zima. Na nyingi zinajiwasha zenyewe kila ukiwasha kompyuta.

Kama unayo kwenye kompyuta yako, ifungue sasa hivi uangalie palipoandikwa Uploaded na Ratio. Faili la GB 1.4 likiwa na ratio ya 3, maana yake umewagawia watu GB 4.2, kwa bando lako mwenyewe. Dada yetu nilipomwambia aangalie za kwake, alinijibu kwa emoji ya macho tu.

Kwa nini hilo ni zito kisheria? Kwa sababu hakimiliki ni haki ya mwenye kazi kuamua nani anakili kazi yake, nani anaisambaza, nani anaitafsiri, nani anaionyesha kwa umma. Sheria nyingi za hakimiliki, yetu ikiwemo, zinaacha upenyo kwa mtu anayenakili kwa matumizi yake binafsi. Lakini upenyo huo ni mwembamba, na mtu wa torenti hapiti kirahisi, maana hakunakili tu. Amesambaza pia, kwa watu asiowajua, nchi asizozijua. Ule utetezi wa "nilikuwa naangalia mwenyewe na mke wangu" unagongana na ile Uploaded iliyoandikwa na programu yako mwenyewe.

Halafu kuna suala la kuonekana. Ili vipande vipite, kompyuta zilizo kwenye kundi moja lazima zijuane anwani za IP. Yeyote anayeingia kwenye kundi hilo anaona anwani za wenzake. Kampuni zinazofanya kazi kwa niaba ya wenye muvi na muziki zinaingia humo kama mtu mwingine yeyote, zinaandika anwani, tarehe na saa, na jina la faili. Hawahitaji kudukua chochote. Ni kama mtu aliyesimama sokoni anaandika nani anauza nini.

Kesi maarufu ya mambo haya ni ya Marekani, ya mama mmoja wa Minnesota anaitwa Jammie Thomas-Rasset. Alidaiwa kugawa nyimbo kupitia Kazaa, programu ya kugawana mafaili iliyotamba enzi hizo. Folda yake ilikuwa na nyimbo zaidi ya 1,700, lakini kampuni za muziki zikamshtaki kwa 24 tu. Mwaka 2007 baraza la mahakama likasema alipe dola 222,000. Piga hesabu, ni dola 9,250 kwa kila wimbo. Kesi ikarudiwa mwaka 2009, ikawa mbaya zaidi: dola milioni 1.92. Ikavutwa huku na huku mpaka mwaka 2012 mahakama ya rufaa ikairudisha kwenye zile 222,000.

Zile namba hazikutoka hewani. Sheria ya Marekani inaruhusu fidia ya kuanzia dola 750 mpaka 30,000 kwa kazi moja, na ikithibitika ulifanya makusudi inaweza kufika 150,000. Yaani hata angepewa kiwango cha chini kabisa kwa nyimbo 24, ingekuwa dola 18,000. Na huyu mama hakuwa akiuza hata wimbo mmoja. Hilo nataka mlishike kabla hatujarudi nyumbani.

Haya, nyumbani. Nimesikia mara nyingi watu wanasema, "Hayo ni ya Wazungu, muvi ni ya Marekani, nani atanifuata Mbagala?" Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Berne tangu mwaka 1994, Kenya tangu 1993. Mkataba huo maana yake ni kwamba kazi ya mtu wa nchi mwanachama inalindwa huku kama ya mwenyeji. Muvi ya Hollywood, tamthilia ya Kikorea, kitabu cha mwandishi wa Nairobi, vyote vina ulinzi hapa. Kwa Tanzania ipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA ndiyo ofisi inayoisimamia. Kenya wana Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 na bodi yao ya KECOBO. Marekebisho ya Kenya ya mwaka 2019 yakaongeza utaratibu wa mwenye kazi kumwandikia mtoa huduma za intaneti ili kazi iliyowekwa bila ruhusa iondolewe.

Lakini sheria ambayo muuzaji wa mtandaoni wa Tanzania anatakiwa aijue kwa jina ni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 24. Kinazungumzia kutumia kompyuta kuvunja haki za ubunifu za mtu mwingine, na kompyuta kwenye sheria hii ni pamoja na simu yako. Kifungu kimewagawa watu mafungu mawili. Aliyefanya bila biashara: faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Aliyefanya kibiashara: faini isiyopungua milioni 20, au kifungo kisichopungua miaka 5, au vyote viwili. Na juu ya hapo mahakama inaweza kuagiza umlipe fidia mwenye kazi.

Rudia kusoma neno "isiyopungua". Pale sheria imeweka sakafu, haijaweka dari.

Sasa chukua kalamu ya biashara. Unauza muvi moja kwa shilingi 1,000. Kufikisha milioni 20 unatakiwa uuze muvi 20,000, na hapo hujatoa bando, hujatoa umeme, hujala. Wa vitabu vya buku tano anatakiwa apate wateja 4,000 ili alipe faini tu. Sijui nani kwenye page hii ana faida ya namna hiyo kwenye mafaili. Mimi naona hii ndiyo biashara yenye uwiano mbaya kuliko zote tunazofanya: mtaji mdogo, faida ndogo, hasara inayoweza kula nyumba.

Na msitari kati ya fungu la kwanza na la pili ndio tunaouvuka sisi wauzaji bila kujua. Jirani yako aliyeshusha muvi akaangalia na watoto yuko upande ule. Wewe ukiweka status "muvi mpya zipo, 1,000 tu, lipa namba hii", umejihamisha mwenyewe upande wa biashara. Kuna utetezi mmoja ninaupenda kwa ubunifu wake: "Mimi siuzi muvi, nauza bando langu na muda wangu wa kushusha." Kaka, mteja amelipa ili apate nini? Kama asingepata muvi, angekulipa? Hivyo hivyo kwa fundi anayesema Windows ni bure, analipwa kazi ya kuweka tu. Kama nakala haina leseni na umeiweka kwa malipo, pesa imeingia kwa sababu ya ile nakala.

Hapa nirudi kwenye anwani ya IP, maana wajanja watasema: mimi natumia bando la simu, mtandao unawapa watu wengi anwani moja kwa wakati mmoja, hawanipati. Kiufundi kuna ukweli hapo, laini za simu zinafanya kazi hivyo na inafanya ufuatiliaji uwe mgumu. Wengine watasema wana VPN. Kwanza, mwaka 2023 TCRA ilitoa tangazo la kuwataka wanaotumia VPN wazitolee taarifa, kwa hiyo unajifunika na kitu ambacho nacho kina masharti yake. Pili, na hili ndilo la maana, muuzaji hafichiki kwa VPN. Anayekutafuta haitaji IP yako. Anahitaji tangazo lako. Umeweka namba ya simu, iliyosajiliwa kwa alama za vidole. Umeweka lipa namba, na mtu akiingiza kiasi, jina lako linatokea kamili kabla hajabonyeza kutuma. Umepiga picha orodha ya bidhaa. Umeweka na shuhuda za wateja "nimepokea, asante sana". Anajifanya mteja, ananunua moja, anapiga picha za skrini. Ushahidi wote umemwandalia wewe, kwa mpangilio mzuri, na tarehe juu yake.

Yale maandishi ya chini ya posti, "sina hakimiliki, kazi ni ya mwenyewe", hayasaidii. Yanaonyesha tu kwamba ulijua si yako. Na "nimeikuta Telegram ikigawiwa bure" nayo haikupi haki; aliyeiweka pale hakuwa na ruhusa ya kukupa.

Kuna jambo jingine watu hawalifikirii mpaka liwakute. Sheria ile ile ya 2015 inawapa polisi nguvu ya kupekua na kuchukua vifaa wakati wa uchunguzi. Kwa mfanyakazi wa ofisini, simu ikichukuliwa ni usumbufu. Kwa wewe, simu ndiyo duka. Ndani yake kuna wateja wako, oda ambazo hujapeleka, mazungumzo na wauzaji wa jumla Kariakoo, na pengine laini ya uwakala. Hata kama mwisho wa siku hujakutwa na hatia, umekaa wiki ngapi bila duka?

Page nayo ni hivyo hivyo. Mwenye kazi hahitaji mahakama ili kukuumiza kwenye Instagram au Facebook. Anajaza fomu ya malalamiko ya hakimiliki, posti inaondolewa. Malalamiko yakijirudia, akaunti nzima inafungwa. Hapo hatuzungumzii tu akaunti za kuuza muvi. Unauza mitandio, tangazo lako lina wimbo mkali ulioutoa kwenye faili la torenti, nawe unahesabiwa. Na mjue akaunti za biashara kule Instagram haziruhusiwi nyimbo zote ambazo akaunti binafsi zinaruhusiwa. Ndiyo maana video zenu zingine zinakuwa bubu ghafla. Facebook na Instagram wana mkusanyiko wa sauti za bure kwa matangazo, YouTube nao wana maktaba yao ya sauti. Tumieni hizo.

Niongee kidogo na wenye safari za nje na ndugu zao walioko huko. Ujerumani hawabembelezi kwenye torenti. Barua ya wakili inakuja nyumbani kwa mwenye laini ya intaneti, inadai mamia ya euro, pengine yakakaribia elfu, pamoja na karatasi ya kusaini kwamba hutarudia. Sasa fikiria: umeenda Hamburg kumtembelea dada yako, umebeba laptop yako ya Dar, umeunganisha wifi yake ili upige simu ya video tu. Programu ya torenti imejiwasha yenyewe kimya kimya, inagawa muvi ulizoshusha mwezi uliopita. Barua itakuja kwa jina la dada. Ukisafiri, ondoa hiyo programu kabisa kabla hujapanda ndege.

Sasa wewe ambaye hii ndiyo riziki yako, ufanyeje? Sitakuambia "acha tu", kodi ya chumba haingoji. Nitakuambia nilichomwambia dada wa swali.

Mteja wa vitabu anao tayari, na hiyo ndiyo mali yake halisi. Waandishi wengi wa kwetu wanauza vitabu vyao wenyewe, namba zao ziko kwenye kurasa zao, na wanachokosa ni watu wa kuwauzia. Mwandikie mwandishi, mwambie nina wateja wangapi, naomba niwe wakala wako kwa asilimia. Akikubali, mpate kwa maandishi: jina la kitabu, unauza kwa njia gani, mpaka lini, bei gani, wewe unabaki na kiasi gani, na mwandishi analipwa lini. Makubaliano ya mdomo yatakutesa siku kitabu kikianza kuuza. Dada alianza na waandishi wawili. Faida kwa kitabu kimoja ni kubwa kuliko ile ya bando la 500, kwa sababu bei si ya kutupa tena.

Wa kutengeneza matangazo, hamia GIMP, Inkscape au Canva ya bure. Kwa kazi za mabango ya WhatsApp hutaona pengo. Fundi wa laptop, mteja akikosa pesa ya Windows yenye leseni, mwekee Ubuntu na LibreOffice kisha mtoze kazi yako ya kuweka na kumfundisha. Hapo kweli unauza muda wako. Wa muvi, kusema kweli, ndiye mwenye njia nyembamba kuliko wote. Kuna watengenezaji wa filamu za Kibongo wanaotafuta wasambazaji, wafuate, lakini Hollywood kwenye flash sioni namna ya kuihalalisha kwa mtaji wetu. Huyo namshauri ahamishe kijiwe kwenye vifaa: flash zenyewe, chaja, kava, spika.

Na ikitokea umeitwa, au umepata barua? Simamisha kuuza siku hiyo hiyo. Usianze kufuta mafaili na mazungumzo kwa hofu. Kuharibu ushahidi wa kimtandao wakati wa uchunguzi ni kosa lingine linalojitegemea kwenye sheria hiyo hiyo. Usijibizane na mlalamikaji kwenye status. Tafuta wakili au watoa msaada wa kisheria kama huna uwezo, nenda na barua yenyewe mkononi. Kesi nyingine zinaweza kuishia kwenye mazungumzo na mwenye kazi, hasa ukienda mapema. Na kama mtu amekupigia simu akasema yeye ni wa COSOTA, tuma laki mbili kwenye namba hii tumalize, kata simu. Malipo ya serikali yanakwenda kwa kontroo namba, hayaendi kwenye laini ya mtu. Nenda ofisini mwenyewe ukaulize kama kweli kuna lalamiko lenye jina lako.